Usukani Namba Saba

Mlango wa stoo yetu una komeo la kufuli upande wa nje tu. Hili naliweka mbele ya mengine yote, maana najua kuna watakaoniuliza, kama alivyoniuliza mkaguzi, "Kwani nani alikushika mkono?" na mimi sipendi kutafuta maneno wakati wa kujibu.

Ni chumba cha hatua kumi na mbili kwa nane, nyuma ya hoteli ya ufukweni. Juu bati, chini saruji, ukutani tundu moja la hewa lenye wavu, na kwenye mlango wa chuma kidirisha cha nondo usawa wa uso wa mtu mrefu. Mimi si mrefu. Nikitaka kuzungumza na dunia napanda juu ya kreti. Humo ndani tulikuwa wawili: mimi, mtunza vifaa, na Mama Uzi, fundi cherehani, anayeshona vishada vilivyochanika na kuziba mipira yake ya ndani ikivuja. Kila siku tulifungiwa asubuhi, tukafunguliwa adhuhuri tukale, tukafungiwa tena mpaka jua lilegee.

Sababu ilikuwa pampu. Pampu moja ya mkono ilipotea. Siku naikumbuka: Jumanne, upepo wa pembeni, na pampu yenyewe ya njano, mpini wake nimeufunga waya mwenyewe. Tulipekuliwa mpaka kwenye nywele. Miezi miwili baadaye nikaiona, na waya wangu juu yake, kwenye buti la gari la shemeji yake bosi. Nikasema mbele za watu. Bosi akacheka: "Aa, kumbe!" Komeo likabaki pale pale. Mkubwa akikosea husema kumbe, basi yamekwisha.

Bosi tulimwita Bwana Meno, kwa kuwa hakuna siku aliyoacha kuyaonyesha. Alitabasamu hata siku alipomfukuza kazi mlinzi aliyetoka kuzika. Mimi waliniita Redio, kwa sababu sizimiki. Sawa. Redio haikuwahi kumfungia mtu ndani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu husimama juu ya ubao majini, kiunoni amefunga mkanda wenye ndoano, na kishada kikubwa kama paa la kibanda humvuta kwa kamba nne. Kati yake na kishada kuna fimbo anayoishika kwa mikono miwili, na fimbo hiyo sisi tunaiita usukani. Karibu na ndoano pana kitu kidogo chekundu, unene wa kidole gumba, ndicho kifyatuo. Upepo ukikasirika, mtu hukivuta, kishada kinapoteza nguvu na kulala juu ya maji kama shuka lililoanguka kutoka kambani. Kisipofyatuka, utakwenda kinakokwenda kishada. Miambani, ukutani, popote. Mchezo huo hauna breki nyingine.

Ndani ya kifyatuo mna springi na kipini. Maji ya bahari yakikauka humo pamoja na chembe tatu za mchanga, umeshapiga saruji. Ndiyo maana kila kilichogusa bahari huoshwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kifyatuo hutumbukizwa na kuchezwachezwa ndani ya maji mpaka kiimbe klik, halafu hukaushwa kivulini. Hakuna aliyenifundisha haya. Vishada huja na vijitabu, wageni huvitupa, mimi nikaviokota na kuvisoma kwa kamusi isiyo na kurasa za mwanzo. Hadi leo maneno ya kigeni yanayoanza na A na B yananipiga chenga, lakini kuanzia C mimi ni profesa. Ukutani nikaandika kwa rangi ya mbao za boti: CHUMVI HAISUBIRI. Ole wako uache usukani begini na unyevu wake. Mama Uzi aliwahi kuuacha mara moja tu. Nilimfokea mbele ya watu mpaka akalia, mwanamke anayeweza kunizaa.

Basi, wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, Bwana Meno alifunga bomba la stoo. Maji yalikuwa haba na bwawa la kuogelea la wageni lilikuwa linashuka. "Kwa muda tu," alisema. Vishada vikarudi kutoka baharini, vikaning'inizwa na chumvi yao, na asubuhi vikatoka tena. Sukani kumi na nne, kila moja na misumari yake miwili ukutani, zikawa zinaota ukungu mweupe kama mkate uliosahaulika.

Lakini daftari halikukoma. Kila jioni kabla ya komeo kufunguliwa, mkono wa Bwana Meno ulipitisha daftari katikati ya nondo: namba ya usukani, imeoshwa, imejaribiwa, sahihi ya mtunza vifaa. Siku ya kwanza nilikataa. Akasema, "Haya, pumzikeni humo humo," akaenda zake. Tulikaa saa moja na nusu. Mama Uzi ana kisukari. Alipoanza kutetemeka nikapanda kreti nikaita, daftari likaja, nikatia sahihi. Mimi, niliyekuwa nikiwahubiria wapishi na wafagiaji wasiweke mkono kwenye karatasi wasiyoiamini. Siku ya pili sikukataa tena. Ikawa hivyo siku ishirini na moja.

Na siku ya ishirini na mbili ikamwangukia mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike ndiye mwalimu wa vishada pale. Watu humwita Mbayuwayu, ukimwona juu ya maji huhitaji kuuliza kwa nini. Baba na mama walishafariki, tumebaki wenyewe kwa wenyewe, hana mwingine wala mimi sina. Ijumaa asubuhi alitoka na usukani namba saba kumwonyesha mgeni namna ya kugeuka. Upepo ukapiga teke. Walioshuhudia wanasema aliruka juu ya ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi kama karatasi. Paja limevunjika mara mbili. Nilipofika hospitali midomo yake ilikuwa mikavu, na alikuwa na neno moja tu:

"Kaka, nilivuta."

"Najua."

"Nilivuta mara tatu. Hakikutoka."

Jumamosi Bwana Meno akaandika taarifa yake: mwalimu alishtuka, hakuvuta kifyatuo. Ikipita hivyo, cheti chake kinafutwa, na mgeni aliyegongwa na ubao wake siku hiyo atamdai yeye fidia. Hatafundisha tena popote penye upepo na maji. Mkaguzi wa usalama alikuwa anakuja Jumatatu saa kumi. Na shahidi wa mdogo wangu hakuwa mtu. Shahidi alikuwa kitu chekundu unene wa kidole gumba, kimekwama kwa chumvi na mchanga, na nilikuwa nacho mimi. Ile Ijumaa walipoutupa usukani namba saba mezani, niliujaribu: haukusogea hata nywele. Nikauzungushia taulo, nikaufukia chini kabisa ya kreti la suti chakavu za mpira. Sikumwambia mtu. Mama Uzi pia sikumwambia. Nilijiona mjanja: siri ya wawili si siri.

Jumatatu saa nane mchana komeo liligongwa. Walinzi wawili wakasukuma ndani pipa la maji baridi, limejaa pomoni, wakatoka, komeo likarudi. Uso wa Bwana Meno ukajaa kidirishani.

"Redio! Leo unatangaza nini?"

Nikapanda kreti, tukawa meno kwa pua. "Maji haya yalikuwa wapi wiki tatu, bosi?"

"Yamekuja leo. Shukuruni. Osheni sukani zote kumi na nne, kila kitu king'ae. Na ile namba saba uioshe mara mbili."

"Tufungulie tukaoshee nje. Sisi si kuku."

"Nje kuna wageni. Hawakusafiri kuja kutazama uchafu."

"Mdogo wangu amelala na vyuma kwenye paja."

"Na tunamwombea." Tabasamu halikupungua hata jino moja. "Lakini Redio, mimi na wewe watu wazima. Yule binti alishtuka. Wanawake hawa..."

"Malizia."

"Nasema alishtuka. Angevuta, kingefyatuka. Si wewe mwenyewe ulitia sahihi Alhamisi kwamba kinafyatuka?"

Redio imekatika umeme. Yeye akacheka polepole, akashusha sauti kama anayembembeleza mtoto: "Ukisema hakikuoshwa, umejisema mwenyewe. Ukisema kilioshwa, dada yako hakuvuta. Mimi nikushauri kama ndugu: osha, nyamaza."

Nikamtukana. Sitaandika nilichosema, kina mama yake ndani yake na ninamwomba radhi mama huyo, hakutenda kosa. Nilimtukana kwa muda mrefu, nikianzia pampu ya njano, nikaja kwa mlinzi aliyefukuzwa, nikaja kwa mpishi aliyeungua mkono akaambiwa avae glavu kesho. Nina kumbukumbu ndefu na nilitaka aisikie yote. Alisikiliza akitabasamu, akaondoka nikiwa katikati.

Nyuma yangu nikasikia: klik.

Nikageuka juu ya kreti. Mama Uzi alikuwa amechuchumaa kando ya pipa, mikono imelowa hadi viwikoni, uso unang'aa. Mkononi ameshika usukani wenye utepe wa bluu. Saba.

"Sikiliza, mwanangu," akasema, akafyatua tena. Klik. "Kama umetoka dukani leo. Nimeukuta kwenye kreti la suti, umefungwa taulo na chumvi yake yote! Nikasema, Redio akiuona huu atapasua bati. Ulikuwa umekwama kama meno ya maiti. Nimeuchezea, nimeuchezea..."

"Mama Uzi."

"Mchanga uliotoka humo ungejaza kijiko."

"Mama Uzi, umefanya nini?"

"Nimeosha!" Sura ikaanza kubadilika. "Si wewe uliyesema? Chumvi haisubiri. Si uliniliza mimi mbele ya watu kwa kitu hiki hiki?"

Nikashuka. Nikakaa sakafuni nikamweleza: taulo, kreti, mkaguzi, mdogo wangu, na kwamba ule ndio ulikuwa mdomo wake na sasa umeshapigwa mswaki ukatoa ushahidi wa upande wa pili. Maji yalimdondoka viganjani, tone kwa tone.

"Na hukuniambia," akasema.

"Nilikuwa naficha."

"Ulikuwa unanificha mimi. Miaka minane tunafungiwa pamoja, najua unavyokoroma, najua unavyolia. Kila siku umoja, umoja, wafanyakazi tushikane. Halafu unanificha usukani." Akaurudisha kwenye misumari yake, taratibu, kama anayelaza mtoto. "Si wewe peke yako mwenye kumbukumbu, ujue. Ile siku uliyonifokea, nilikula kiapo kwamba hutaniona tena na kitu chenye chumvi. Nimetimiza."

Joto la bati lilikuwa limeshuka mpaka mabegani. Harufu ya mpira uliochacha na gundi. Nikainuka nikautoa ukutani usukani namba tatu, nikakivuta kifyatuo chake. Kimekwama. Namba tisa, kimekwama. Kumi na moja kilisogea kidogo kama mzee anayeinuka kitini, kikarudi. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaipeleka kumi na moja kwenye pipa. Ndivyo mikono ilivyo. Nikaizuia juu ya maji.

"Usiuoshe," akasema Mama Uzi.

"Bila kuosha, mkaguzi ataona vyote vimekwama."

"Si ndicho unachokitaka?"

"Atauliza: mbona daftari linasema vimeoshwa? Sahihi ya nani?"

"Yako."

"Yangu. Na huu namba saba unafyatuka. Atasema kumi na tatu vibovu, lakini huu wa binti ni mzima. Lazima mtu aseme umeoshwa leo. Lazima mtu aseme Alhamisi haukuoshwa."

"Mimi nitasema nimeuosha leo."

"Na Alhamisi nitasema mimi."

Hapo ndipo palipokuwa pananibana, na si mlango. Kwa kuwa siri ilikuwa na siri nyingine ndani yake, na sasa nikaitoa, nikiwa nimempa mgongo, nikitazama ukuta.

Bomba lilipofungwa, nilimwahidi mdogo wangu jambo. Nilikuwa nakuja kazini na chupa moja ya maji ya kunywa. Nikamwambia: nusu yangu, nusu ya usukani wako. Namba saba ilikuwa ya kwake, hakuna mwingine aliyeushika. Kila alasiri nilikimiminia kifyatuo chake nusu chupa, nikakichezesha mpaka kiitike, na jioni nikitia sahihi nikaweka nukta ndogo pembeni ya namba saba. Nukta ilikuwa lugha yetu. Maana yake: zingine ni uongo, hii ni kweli. Asubuhi, kabla ya kuchukua usukani, alifunua daftari akatafuta nukta.

Alhamisi ilikuwa siku ya joto lile linalofanya bati lipige kelele. Darasa lilikuwa kwenye maji ya magotini na usukani ulirudi umejaa mchanga. Nilikunywa nusu yangu kabla ya saa nane. Saa tisa ulimi ulikuwa kama kipande cha ngozi. Nikaitazama ile nusu nyingine. Nikasema, siku moja tu haina neno. Nikainywa. Naikumbuka ilivyoshuka, nitaikumbuka mpaka nife, ilikuwa tamu. Jioni daftari likapita kwenye nondo, Bwana Meno anapigapiga kalamu kwenye chuma, fanya haraka, na mkono wangu uliozoea ukaandika sahihi, halafu ukaweka nukta.

Mama Uzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mdogo wako anajua?"

"Hajui."

"Haya." Akafuta mikono kwenye kanga yake, akasimama. "Saa ngapi sasa?"

"Kama saa tisa."

"Lile pipa likibaki, wewe utaosha. Nakujua. Saa kumi kasorobo ukisikia gari, woga utakuingia na mikono yako itakwenda yenyewe, kama ilivyokwenda Alhamisi. Njoo ushike huku."

"Mama Uzi, kazi yako..."

"Shika huku, nimesema. Mimi mgongo wangu mbovu."

Tukashika. Pipa lililojaa halipinduliwi na mtu mmoja. Tulilisukuma likayumba, likarudi, tukalisukuma tena. Lilipoanguka lilitoa mlio wa kengele, na maji yakasambaa stoo nzima, yakapita chini ya meza, chini ya cherehani, yakatafuta mlango, yakatoka kwa chini. Mama Uzi aliinua kanga yake magotini akacheka mpaka akashika ukuta. "Kama Bwana Meno anataka bwawa, bwawa hili hapa!"

Vishindo vikaja. "Nini hicho? Redio, nini hicho?"

"Tunaosha, bosi!" akajibu Mama Uzi kwa sauti ya asali.

"Vizuri. Osheni sana."

Akaondoka. Tukakaa juu ya meza, miguu ikining'inia, tukasubiri. Saa ile moja nilijiona nimefungiwa kuliko miaka yote minane: pipa tupu, sukani kumi na tatu zimeota chumvi ukutani zikinitazama, na mmoja umetakata. Kama mkaguzi hatakuja mpaka stoo? Kama ataishia ofisini, anywe kitu baridi, aonyeshwe daftari, aone sahihi na nukta, aondoke? Nilimwazia mdogo wangu kitandani akihesabu saa kwenye ukuta wa wodi. Mara tatu nilipanda kreti. Mara tatu nikaona ua tupu, na mstari wa maji ukielekea barabarani.

Saa kumi na dakika kadhaa nikasikia sauti ya mwanamke. "...daftari nimeliona, ahsante. Na vifaa viko wapi?"

"Vifaa vimefungiwa, mheshimiwa," Bwana Meno akasema. "Ufunguo uko na mtu wa zamu. Ila kama ulivyosoma, kila kitu kimekaguliwa..."

"Mbona hapa pana maji?"

"Wanaosha."

"Nani?"

"Mafundi."

"Wako ndani?" Nikasikia viatu vikikanyaga maji. "Wako ndani, na mlango umefungwa kwa nje?"

Sikuhitaji kupiga kelele. Kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza, ikafaa. Nikasikia ufunguo ukitoka mfukoni mwa Bwana Meno mwenyewe: ndiye mtu wa zamu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, viatu vya kitambaa vimeshalowa. Hakutusalimu kwa maneno mengi. Aliangalia pipa lililoanguka, ukuta wenye maandishi yangu, akatoa kalamu. "Namba saba ni upi?"

Bwana Meno akawahi. Akautoa ukutani, akamkabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Mkaguzi akavuta. Klik. Akavuta tena. Klik.

"Unaona, mheshimiwa," akasema Bwana Meno. "Inasikitisha, lakini unaona."

Kalamu ikaanza kuandika.

"Mama," nikasema, "jaribu namba tatu."

Bwana Meno akageuka. Ndipo alipoona ukuta. Nilikuwa nimengojea miaka minane kuyaona yale meno yakiingia ndani, na nikiri, sikufurahi nilivyodhani. Mkaguzi alivuta namba tatu. Akaweka jalada chini ya kwapa akavuta kwa mikono miwili. Hakikutoka. Tisa. Kumi na moja. Tano. Chumvi ikamwagikia jalada lake. Alizijaribu zote kumi na tatu, bila haraka, na tatu tu ndizo zilizofyatuka, tena kwa kukwaruza.

"Huu wa bluu," akasema, "mbona ni msafi hivi?"

"Nimeuosha mimi leo mchana," akasema Mama Uzi. "Ulikuwa umekwama zaidi ya hiyo. Mchanga wake mwingine uko kwenye lile taulo pale."

Mkaguzi akafungua daftari. Kidole kikashuka. "Hapa pameandikwa Alhamisi jioni: namba saba, imeoshwa, imejaribiwa. Na pana nukta. Sahihi hii ya nani?"

Bwana Meno alitangulia, tabasamu limerudi nusu. "Mtunza vifaa wetu ndiye huyu, mheshimiwa. Mimi niliamini maandishi yake. Kumbe!"

Kumbe. Nililisikia neno lile likija kunivika kosa lake kama koti.

"Ni yangu," nikasema. "Zote ishirini na moja ni zangu, na zote ni uongo. Bomba lilifungwa wiki tatu, nenda kalifungue uone kama litatoa tone. Daftari lilikuwa linakuja na ufunguo nyuma yake: husaini, hutoki. Namba saba peke yake niliuosha kila siku kwa maji yangu ya kunywa. Alhamisi sikuuosha. Mwalimu alivuta, kikakataa."

"Kwa nini Alhamisi hukuuosha?"

"Niliyanywa maji."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila aina ya uongo, na hili lilimsimamisha. "Na nani alikushika mkono ukaandika?"

"Mlango huo. Lakini nukta hakuniambia mtu. Nukta niliiweka mwenyewe."

Akaandika kwa muda mrefu. Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la Bwana Meno. La pili lilikuwa langu. Akanionyesha mahali pa kuweka sahihi, na nikasoma kila neno kwanza, mpaka yanayoanza na A. Kisha akatutoa wote nje, akafunga komeo, akalipitishia waya na lakiri. Stoo ikawa imefungwa na sisi tuko nje. Mama Uzi alisahau miwani yake mle ndani, akaiomba, akakataliwa.

Nilifika hospitali saa ya kuona wagonjwa bado haijaisha. Mdogo wangu alikuwa ameegemezwa mito miwili, paja limeinuliwa kwa uzi na jiwe.

"Amesema nini?" akauliza kabla sijakaa.

"Anajua ulivuta. Ameandika."

Akafumba macho. Kifua kikapanda, kikashuka. Nikadhani labda niishie hapo. Mtu anaweza kuishia hapo, akaishi na siri hiyo.

"Niliangalia daftari ile asubuhi," akasema, macho bado yamefumbwa. "Tangu Ijumaa najiuliza. Niliona nukta, kaka. Niliiona kwa macho yangu."

Nikamwambia. Joto, chupa, nusu ya pili, kalamu kwenye nondo. Sikupunguza wala sikujitetea kwa mlango, ingawa mlango ulikuwa kweli. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia upande wa pili ili tuwe wenyewe.

Kengele ya kutuondoa ikalia. Wauguzi wakaanza kupita. Nikainuka.

"Nilikuwa nakuona mkweli kuliko watu wote," akasema. "Hata kelele zako nilizivumilia kwa sababu hiyo."

"Najua."

"Hujui. Kila ukijibu unasema najua." Akageuza uso ukutani. "Watakufanya nini?"

"Wataniita. Alhamisi."

Muuguzi akasimama mlangoni akanitazama, haya baba, muda umekwisha. Nikafika mlangoni.

"Kaka."

"Naam."

"Nenda. Sitaki kukuona leo." Akapeleka mkono nyuma ya kichwa, vidole vikachimba kwenye mizizi ya nywele, akavitazama. "Kesho uje na beseni na sabuni. Siku nne hakuna aliyeniosha nywele, bado zina mchanga."